Muhogo Usiooza

Watoto wa Namihalu waliacha kulia msimu ule muhogo wa Nishike ulipoingia jikoni, na mama zao wakamshukuru Mungu.

Aliyelea anakijua kilio cha mtoto mwenye njaa. Kinaanzia puani, kinashuka kifuani, na kikifika tumboni hata jirani wa nyumba ya tatu hapati usingizi. Kilio hicho kilitoweka. Mtoto alipewa bakuli la uji asubuhi, akakaa barazani mpaka jua likageuka, ametulia kama mtu mzima anayewaza safari. Asumini binti Nakotyo, ambaye kitinda mimba wake Twaha alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, aliwaambia wenzake kwa fahari, "Wale wakubwa walininyonya mpaka mifupa. Huyu malaika, hata haombi."

Miaka ile plastiki ilikuwa imekwisha pigwa marufuku dunia nzima. Sahani, vifungo vya shati, soli za viatu, mabomba ya sindano, hata vigae vya kuezekea, vyote vilitengenezwa kwa wanga, na wanga ulitoka kwenye muhogo. Juu ya uwanda wa Namihalu kiwanda kilikuwa kimezungushia seng'enge shamba ambalo ukisimama upande mmoja huoni mwisho wake. Kijidege cha chuma kilipita juu kikivuma kama nyuki, na kwenye kila nguzo kulikuwa na kisanduku chenye sauti ya mwanamke. Ukisogea tu, kilisema kwa upole, "Mmea huu si chakula. Mmea huu si chakula."

Watu walikisikia wakacheka. Kule kwao anayetaka mali yake isiguswe huandika sumu. Mwenye mkorosho anaandika sumu, mwenye ua anaandika mbwa mkali, na mbwa hana. Isitoshe, watu wa Namihalu wamezaliwa na muhogo mchungu. Muhogo mchungu ukiuchimba leo ukaula leo, kesho unasomewa hitima. Lakini ukiumenya, ukauloweka kwenye pipa mpaka ulainike na kunuka, ukauanika ukawa makopa, ukatwanga, ni chakula kama chakula kingine. Kwa hiyo neno sumu kwao halikuwa na maana ya kuogopa. Lilikuwa na maana ya kuloweka.

Ndipo batobato ikapiga mashamba ya watu. Majani yakajikunja, mizizi ikawa myembamba kama vidole vya mgonjwa, na mahindi nayo yalikwisha ungua kwa jua. Mzee Chande, jirani yake Asumini ukuta kwa ukuta, alikuwa mlinzi wa lango la shamba la kiwanda. Mchana alitazama mihogo ya kiwanda ilivyosimama bila jani lenye doa, jioni akarudi kumtazama mkewe akichemsha mboga tupu isiyo na cha kulia. Siku moja alichimba muhogo mmoja, akauchoma, akaula, akakaa kungoja kufa. Hakufa. Alishiba mpaka kesho yake.

Akaleta pingili chache chini ya koti la mvua. Mkewe, Mama Hidaya, akazipanda, na miti ilipokomaa akagawa. Hapo ndipo wema wa watu ulipowaponza. Kwa desturi ya kule pingili ya muhogo haiuzwi wala hainyimwi. Hata uliyegombana naye jana akija kuomba, unakata unampa, la sivyo shamba lako litakuona. Nyumba hii ikatoa kwa ile, ile ikatoa kwa nyingine, mpaka Namihalu nzima ikawa inakula muhogo mmoja. Wakauita Nishike, kwa sababu ugali wake ukiula unakushika. Njaa huijui tena.

Ulikuwa na vituko vyake. Uliloweka, haukulainika. Maji ya pipa yalibaki meupe, bila harufu. Wanawake wakafurahi, kwani nani anapenda kunuka pipa? Na dumuzi, ambao kila mwaka walitoboa makopa mpaka yakawa unga kabla ya kufika kinuni, walihama ghalani wenyewe.

"Hata mdudu ameuheshimu," Mama Hidaya alisema.

Hakuna aliyejiuliza mdudu, ambaye hachagui, ameona nini.

*

Sikudhani, binti mkubwa wa Asumini, alifika siku mbili kabla ya Idi ya kuchinja. Alikuwa amesomea chuo, na kiwanda kilimwajiri kwenye maabara yake ya mjini, kupima wanga unaoletwa kutoka mashambani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

"Mimi, au Twaha?"

"Twaha ana nini? Twaha anakula kuliko wewe."

Sikudhani alimwita mdogo wake. Mtoto akaja polepole, akasimama mbele yake. Sikudhani akaivuta kidogo ngozi ya mkono wa mtoto kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akazitazama nywele zake, ambazo zilikuwa zimeanza kuwa na wekundu wa majani makavu.

"Analia?"

"Alie kwa nini? Anashiba."

Ugali ulipoletwa, Sikudhani alikata tonge, akalibonyeza, akalinusa. Hakulitia mdomoni. Alilitumbukiza kwenye kikombe cha chai ya moto, akakoroga, akangoja. Tonge lilikaa chini ya kikombe vilevile, na alama za vidole vyake bado zinaonekana. Ndipo akafungua mkoba, akatoa kichupa cha dawa ya kahawia.

"Hii ni iodini, mama. Ugali wa siku zote ukiudondoshea unakuwa bluu, bluu ya kukaribia weusi."

Akadondosha. Ugali ukawa mwekundu kama juisi ya rozela.

"Pingili mmezitoa wapi?"

Asumini alitazama ukuta wa upande wa jirani, na Sikudhani akaelewa.

"Mzee Chande," alisema taratibu. "Ya Rabi."

"Kwani ni sumu?"

"Afadhali ingekuwa sumu. Sumu mngeijua." Alivuta kigoda akakaa karibu na mama yake. "Sikiliza. Wanga ni shanga zilizotungwa kwenye nyuzi ndefu. Mate yako na tumbo lako yana mkasi, yanakata shanga moja moja, na hizo shanga ndizo nguvu, ndizo damu. Zamani kiwandani tulichukua wanga wa muhogo wa kawaida tukaupika na dawa kali, ili uzi huu ufungwe kwenye ule, na ule kwenye mwingine, uwe kama wavu. Wanga uliofungwa hauyeyuki kwenye maji ya moto, haulegei kwenye mashine, hauozi. Unaweza kuufanya sahani. Lakini dawa zile zilikuwa zinaua mito. Wakubwa wakafikiri, kwa nini tuufunge sisi, wakati muhogo unaweza kujifunga wenyewe ukiwa bado ardhini? Wakaubadilisha mmea. Huu unachimbwa umekwisha fungwa."

"Na tumboni?"

"Tumboni unavimba kwa maji. Unajaza, tumbo linauambia mwili umeshiba. Mkasi unatafuta pa kukata haupaoni. Unatoka kama ulivyoingia. Ninyi wakubwa mna dagaa, mna korosho, mnasukuma siku. Mtoto wa uji hana kingine. Twaha anakula soli ya kiatu, mama, na anakaa kimya kwa sababu tumbo linamdanganya."

Asumini alimwangalia mwanawe, aliyekuwa amelala pale alipokaa, kichwa kimeegemea mguu wa meza.

"Tukiuloweka zaidi?"

"Mama."

"Nauliza tu."

"Hata ukiloweka mpaka Kiyama."

"Basi twende tukawaambie watu. Sasa hivi."

Sikudhani alimshika mkono. "Ukisema, itafika serikalini, na sheria ni moja. Mmea huu ukionekana nje ya seng'enge, muhogo wote wa kijiji unang'olewa na kuchomwa, huu na wa asili, kwa sababu kwa macho huwezi kuutenganisha. Fidia hakuna, kwani ni mali ya wizi. Mzee Chande anakwenda jela. Halafu watu wanakula nini mpaka mvua?"

"Na tusiposema?"

Sikudhani alikiziba kichupa, akakirudisha mkobani, akafunga zipu.

*

Kesho yake Asumini alikwenda na kinu chake uani kwa Mama Hidaya, ambako wanawake hutwanga pamoja.

"Mama Twaha, leo umekuja na uso wa mkwe," mmoja alimtania.

"Nimelala vibaya. Jamani, hivi huu muhogo, mmewahi kuuona ukioza?"

"Uoze ili tupate nini? Umekumbuka kunuka?"

"Mdudu naye hali."

"Mdudu akila unalalamika, asipokula unalalamika," Mama Hidaya alisema huku akipepeta. "Shoga, kaolewe na huyo mdudu tujue moja."

Wakacheka wote, michi ikapishana. Hidaya, aliyelingana na Twaha, alikuwa amekaa kando ya kinu, mikono juu ya mapaja. Kuku alikuja akadonoa chenga miguuni pake, akazitema, akaondoka. Mtoto hakumfukuza.

"Mimi naona watoto wamekonda," Asumini alisema.

Michi ikapungua kasi. Aliyejibu ni Bi Somoe Mkwinda, ambaye ndiye mkubwa wao pale. "Wamekonda wapi? Mwaka juzi nilizika wajukuu wawili. Walilia mpaka pumzi ya mwisho, na mimi sina cha kuwapa. Mwaka huu nani kazika?"

Wakatazamana. Hakuna aliyezika.

"Basi mwanangu, neema ikija usiihoji."

Mama Hidaya alimpa Asumini ungo amshikie, akamwekea mkono begani. "Mume wangu anasema kila siku, Mungu alimweka pale langoni kwa ajili yetu. Hana kingine cha kujivunia duniani, maskini." Akacheka. "Usimharibie, shoga."

Alisema kwa utani. Asumini alishika ungo, na neno lililokuwa limefika mdomoni akalimeza. Ukijiuliza kwa nini, jiulize wewe ungesema nini, mbele ya mwanamke anayekuchekea, kwamba mumewe anawaua watoto wa kijiji na wa kwake yumo.

*

Sikudhani ndiye aliyempeleka mama yake kwa Daktari Mbonea, mkuu wa utafiti wa kiwanda. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ambayo Asumini aliitambua kabla hajakaa vizuri. Ndiyo ile iliyokuwa ikisema kwenye nguzo.

"Karibu mama. Pole na safari. Kunywa chai."

Kikombe kilikuwa cha wanga. Asumini hakukigusa.

"Ni sauti yako ile," alisema.

"Niliomba niyasome maneno yale mwenyewe. Nilitaka watu waamini."

"Hawakuamini."

"Najua." Daktari alikiri bila kugeuza uso. "Tumejua tangu masika. Kijidege kinapiga picha za joto la majani, na mmea wetu una joto lake. Tumeuona Namihalu, tumeuona na vijiji vya bondeni."

Asumini alikuwa amekuja na siri, akakuta siri ni yao.

"Mmejua, mkakaa?"

"Mama, nisikilize. Ningeripoti siku ile ile, wangekuja na moto. Vijiji vyote hivyo visingekuwa na hata jani la kisamvu. Wangekufa wangapi? Na kiwanda kingefungwa, na watu wote wanaokula kwa kiwanda hiki wangerudi kwenye mashamba yenye batobato. Nimeomba kitu kingine. Wakati wa kupanda tutagawa pingili nyingine, za chakula, zisizoshikwa na batobato, bure. Tutasema ni msaada. Watu watang'oa Nishike wenyewe, taratibu. Bila moto, bila jela."

"Wakati wa kupanda ni mbali."

"Si mbali sana."

"Kwa mtu mzima. Mtoto je?"

Daktari Mbonea alitazama mikono yake. Kwenye meza kulikuwa na picha ya msichana mdogo mwenye mashavu, amevaa sare ya chekechea.

"Wa kwako nitamhudumia," alisema. "Maziwa ya kopo, yale ya hospitali, na unga wa lishe. Sikudhani atakuletea. Siwezi kuwahudumia wote, mama. Nikipeleka lori la maziwa kijijini wataniuliza la nini."

"Na mimi nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Ni hilo tu."

Asumini alimgeukia binti yake. Sikudhani alikuwa amesimama dirishani akitazama nje, mabega yamepanda mpaka karibu na masikio, kama alivyokuwa akifanya utotoni akingoja kuchapwa. Kama angesema, chukua, mama yake angekuwa na wa kumlaumu. Hakusema.

Asumini akaona mkono wake unatoka ndani ya kanga na kupokea makopo.

*

Twaha alianza kulia mikorosho ilipochanua.

Alilia kwa hasira, amekunja ngumi, na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja huku machozi ya furaha yakimtoka. Njaa ilikuwa imemrudia. Tangu siku hiyo alimnywesha ndani, mlango umefungwa, na makopo akayafukia chini ya jivu la jikoni. Mtoto akajaa. Nywele zikarudi kuwa nyeusi. Akimtoa nje alimvalisha shati kubwa la kaka yake ili mikono isionekane.

Mara moja, asikiaye na aamini, alimpa Hidaya kikombe. Mama Hidaya aliyaona maziwa kwenye midomo ya mwanawe, akauliza yametoka wapi. Asumini akasema mumewe kayatuma kutoka Lindi, anakofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi.

"Mume wako na maziwa, tangu lini?" Mama Hidaya alicheka. "Siku akituma ng'ombe uniite."

Baada ya hapo Asumini hakutoa tena. Aliogopa swali la pili. Kila alfajiri alijiambia, wakati wa kupanda unakaribia, na kila alfajiri alisikia ukuta wa pili kimya, akajua kimya kile ni cha nini, akaamka akachemsha maji ya maziwa.

Watu walianza kuokota korosho. Asubuhi moja Mama Hidaya alibisha mlango, hana kilio, hana haraka.

"Shoga, njoo unitazamie mtoto. Nimempa uji ameushika mdomoni, hamezi."

Hidaya alikuwa ameegemezwa kwenye mto, uji mweupe umejaa mdomoni mpaka kwenye kingo. Tumbo lilikuwa la mviringo, limeshiba. Mwili ulikuwa umekwisha poa.

*

Walimzika kabla ya adhuhuri. Wanaume walirudi kutoka makaburini wakakaa nje na Mzee Chande, ambaye hakuvua koti lake la ulinzi siku nzima. Wanawake walijaa uani. Majirani walikuwa wamesonga ugali kwenye masufuria makubwa, kama desturi, aliyefiwa hapiki. Ugali wa Nishike, mweupe pe. Watoto wakawekewa sinia lao wenyewe kando, wakalizunguka, wakaanza kula bila kugombania.

"Hakunisumbua," Mama Hidaya alikuwa akiwaambia waliomzunguka mkekani. "Hata kufa amekufa kwa adabu. Hakulia hata kidogo."

Ndipo Twaha, mgongoni kwa mama yake, akaanza. Hakuwa amekunywa tangu alfajiri. Kilio kilianzia puani, kikashuka kifuani, kikafika tumboni, na uani pote watu wakageuka. Wanawake wengine walikuwa hawajasikia kilio cha namna ile tangu mwaka juzi.

"Huyo ana nini?" Bi Somoe aliuliza.

"Njaa," Asumini alisema kabla hajafikiri.

"Njaa, na sinia lile pale? Mpeni mtoto, jamani."

Mwanamke mmoja akakata tonge, akalipuliza, akalipeleka mdomoni mwa Twaha. Asumini aliupiga ule mkono. Tonge likaruka, likadunda chini, likabaki zima.

"Asile," alisema. "Wala hao wasile. Waondoeni hapo kwenye sinia."

Wakamtazama kama mtu aliyepandwa na shetani. Basi akasema. Alisema yote, vibaya, bila mpangilio, shanga na nyuzi na mkasi, daktari na kijidege na makopo. Alisema jina la binti yake. La Mzee Chande hakulitaja, lakini alipofika kwenye pingili kila mtu aligeuka kutazama mlango wa nje, na mlangoni alikuwa amesimama yeye, kofia mkononi.

Mwanamke mwenye mapacha aliwashika wanawe kila mmoja mkono, akawavuta kutoka kwenye sinia, halafu akasimama hapo katikati ya uani asijue awapeleke wapi.

"Sasa tuwape nini?" alimuuliza Asumini. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama anayetaka kuelekezwa njia.

Asumini alilijua ghala la kila nyumba pale, na hamkuwa na kingine.

Mama Hidaya aliinuka mkekani. Alimjia Asumini, akafungua mbeleko polepole, akamtoa Twaha mgongoni, akampakata. Mtoto aliendelea kulia, akimsukuma kifuani kwa mikono miwili yenye nguvu. Akampandisha, akamshusha, akamhamishia mkono wa pili.

"Mzito," alisema.

"Mama Hidaya..."

"Tangu lini?"

"Tangu mikorosho ilipochanua."

Mama Hidaya alitazama juu ya paa, kule mikorosho iliko, ambayo sasa matunda yake yalikuwa yanaanguka. Kisha akamrudisha Twaha mikononi mwa mama yake, akamfunika vizuri kwa kanga ili jua lisimpige, akarudi kukaa mahali pake.

Kando, kwenye sinia, watoto ambao mama zao walikuwa bado hawajafika kuwachukua walikuwa wanaendelea kula, kimya.